Mgeni wa Kahawa Hapekui

Buti la Inspekta Gizachew liko pale pale tulipoliacha wiki iliyopita. Limekanyaga kizingiti, na mlango haufungiki wala haufunguki. Yeye anasukuma kutoka nje, Wubit anasukuma kutoka ndani. Na kwa yule aliyekuwa harusini akatukosa, jambo lenyewe ni moja tu: juu ya dari ya kitambaa, chini ya mabati, amelala Sisay, mdogo wake Wubit, na Inspekta amekuja kumchukua.

Sisay alikuwa mpishi wa mahabusu pale kituoni Kelemt. Alimwona Inspekta kwa macho yake mawili akimpiga fundi viatu mmoja mpaka roho ikamtoka. Jumatatu anatakiwa mbele ya mwendesha mashtaka akaseme alichokiona. Leo ni Jumamosi. Akishikwa leo, Jumatatu hakuna wa kusema, na Gizachew atakula sikukuu zake zote kwa amani.

"Mwaka mpya mwema, dada," Inspekta alisema kupitia ule mwanya. "Fungua basi. Majirani wanatutazama."

"Hati ya upekuzi iko wapi?"

"Hati ya nini?"

"Ya upekuzi. Yenye saini ya jaji na mhuri wa mahakama. Una miaka kumi na saba kwenye hiyo kazi, usiniulize mimi hati ni nini."

Nyuma ya Inspekta walisimama konstebo wawili, na nyuma yao Mzee Shibeshi, mwenyekiti wa mtaa. Huyu mzee alitolewa mezani kwake bila kunawa, maana polisi hawapekui nyumba ya mtu pasipo raia wa kushuhudia. Vidole vyake bado vilikuwa vyekundu kwa mchuzi wa kuku wa sikukuu, na alikuwa akivitazama hivyo vidole ili asimtazame mtu yeyote usoni.

"Mnamsikia?" Inspekta aliwageukia vijana wake. "Huyu ndiye yule mwanasheria wa mwavuli."

Alimtukana, lakini hakusema uongo. Kwa miaka kumi na moja Wubit amekaa nje ya lango la mahakama, chini ya mwavuli uliotoboka, mashine ya kuchapa mbele yake, akiwaandikia watu mashauri yao. Mashamba, talaka, ng'ombe, damu, yote yamepita vidoleni mwake. Hakusomea sheria. Ameila kidogo kidogo, kama mtoto anayechovya vidole kwenye sukari.

"Huo mwavuli umenifundisha," alijibu. "Polisi asiye na hati ataingia kwangu akiwa anamkimbiza mhalifu nyayo kwa nyayo. Wewe unamkimbiza nani? Mbona huhemi?"

Konstebo mmoja alicheka, kisha akakumbuka mshahara wake akanyamaza.

"Au awe ameletewa taarifa ya kosa kubwa," Wubit aliendelea, "kwa maandishi, na akichelewa ushahidi unapotea. Unayo?"

"Ninayo."

"Nipe niisome."

"Iko kichwani."

"Kichwa chako hakina mhuri, Inspekta. Toa mguu."

Wasomaji wangu, mguu ulianza kutoka. Naapa ulianza kutoka. Ulirudi nyuma kiasi cha vidole viwili, na Wubit aliuona mwanga wa kizingiti ukitokea chini ya soli. Hapo ndipo sauti ilipotoka ndani.

"Wubit, ni nani hao?"

Alikuwa Mama Etagu, mama yao. Tangu alfajiri amekaa kwenye kigoda chake anakaanga kahawa, masikio yake mazito, moyo wake mweupe. Hakujua kama mwanawe wa kiume yuko juu ya kichwa chake. Wubit hakumwambia, kwa sababu Mama Etagu hajasema uongo tangu abatizwe, na hangeanza leo kwa ajili ya polisi.

"Hakuna mtu, mama. Wapita njia."

"Wapita njia gani wanaotia mguu ndani?" Bibi alinyanyuka akaja, shali yake nyeupe ikiburuta kwenye nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni. Akaona kofia za polisi, akaona mzee wa mtaa, akashika kiuno. "Siku ya pili ya mwaka unamfungia mgeni mlango, na kahawa iko motoni? Nani alikulea wewe? Ingieni, wanangu. Ingieni mkae."

Hapo sheria yote ya mwavuli ilikwisha. Kahawa kwetu hainywewi mlango umefungwa, na aliyekaribishwa na bibi wa miaka sabini na mbili hasukumwi na binti yake. Inspekta Gizachew alivua kofia, akainama, akambusu bibi mkono, kisha akaingia taratibu na kumpita Wubit.

"Asante, mama," alisema. "Binti yako ana maneno makali. Hakurithi kwako."

Waliketi. Inspekta alichagua kiti cha katikati, chini kabisa ya ile dari. Mzee Shibeshi alikaa pembeni karibu na mlango wa jikoni, kwenye ukingo wa kiti. Konstebo mmoja aliingia akasimama ukutani. Wa pili alibaki langoni na gari.

Mama Etagu aliwapa bisi, akawamiminia kikombe cha kwanza. Kisha akachukua ubani, akatia kokoto mbili kwenye chetezo, na moshi mweupe ukapanda.

Wubit aliufuata ule moshi kwa macho. Ulipanda mpaka kwenye kitambaa, ukatandaa, ukaanza kupenya. Sisay ana kifua. Tangu utotoni ubani humkohoza mpaka machozi yanamtoka, na pale juu hapakuwa na pa kukimbilia.

Akainuka. Akakichukua chetezo, akakipeleka mlangoni, akakiweka nje kwenye ngazi.

"Unafanya nini?" mama yake alimuuliza.

"Moshi unamuumiza Inspekta macho, mama."

"Mimi?" Inspekta alisema. "Mimi nimekulia kanisani, napenda ubani." Alinywa kikombe chake chote, akakiweka chini kwenye nyasi, akamtazama Wubit. "Nimekanyaga nyumba nyingi katika mji huu. Nimeona mwanamke aliyeficha bunduki kwenye kapu la mikate ya injera. Nimeona aliyeficha mume wa mwenzake. Lakini mwanamke wa Kelemt anayeondoa ubani kwenye kahawa ya mwaka mpya, huyo sijawahi kumwona."

Polepole, aliinua uso akaitazama dari.

"Konstebo. Lete lile benchi la jikoni. Tunaanza na huko juu."

"Hamwanzi popote," Wubit alisema. Alikwenda akasimama kati ya konstebo na mlango wa jikoni.

"Nimeingia kwa ridhaa," Inspekta alisema. "Mwenye nyumba amenikaribisha mwenyewe. Mzee Shibeshi, umesikia?"

"Nimesikia, bwana," mzee alijibu kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda nyumbani.

"Umesikia amekaribishwa nini?" Wubit akamrukia. "Mama, mwenye nyumba ni wewe, hati ya nyumba ina jina lako. Hebu waambie. Ulipomwita huyu bwana ndani, ulimwita afanye nini?"

Mama Etagu alikuwa akiyapepea makaa kwa kipepeo. Alimtazama binti yake kama anamtazama kichaa.

"Anywe kahawa. Kwani kuna jingine?"

"Apekue nyumba je? Apande darini?"

"Apande darini kufanya nini, na viatu vile?" Bibi alimgeukia Inspekta, na sasa sauti yake ilikuwa nyingine. "Mwanangu, umekuja kunywa kahawa au umekuja kunichungulia mitungi? Sema mapema, nijue kikombe cha pili namwekea nani."

"Hilo ndilo jibu," Wubit alisema. "Mgeni wa kahawa hapekui. Ridhaa uliyopewa inaishia kwenye kiti hicho. Ukiinuka hapo ukaenda popote isipokuwa mlango wa kutokea, umevunja nyumba ya mtu kama mwizi mwingine yeyote, na nitaiandika mwenyewe. Nitaichapa nakala tano."

Konstebo alimtazama mkubwa wake. Mzee Shibeshi aliacha kutafuna bisi.

Inspekta Gizachew alicheka. Hakucheka kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha Wubit. Alitia mkono kifuani, kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nilitaka nione utafika wapi," alisema. Sasa alipaza sauti, akiielekeza juu, ili asikie kila mwenye masikio. "Hati ya upekuzi ninayo. Nyumba ya Etagu, vyumba vyote, jiko, ua na dari. Imetiwa saini kabla ya sikukuu. Konstebo, benchi. Kama kuna mtu huko juu, ajue mchezo umekwisha."

Wubit aliondoka mlangoni. Benchi liliburutwa kutoka jikoni. Konstebo alilipandia, kichwa chake kikagusa kitambaa.

"Ngoja," Wubit alisema. "Nina haki ya kuisoma kabla hujagusa kitu."

"Isome. Isome mpaka uchoke."

Aliipokea. Karatasi ilikuwa ya mahakama kweli, mhuri ulikuwa mhuri kweli, wa bluu, umekolea. Ilikuwa fomu tupu ambayo mtu ameijaza kwa kalamu. Jina la mama, sawa. Mtaa, sawa. Saini, mkorogo tu, lakini saini za majaji wote ni mkorogo. Alisoma kutoka juu mpaka chini, na kila mstari ulikuwa unafunga mlango mmoja. Akafika mwisho, kwenye tarehe.

Akairudia tarehe. Akairudia tena.

"Inspekta," alisema taratibu, "hati hii imetolewa lini?"

"Kabla ya sikukuu, nimekwambia. Kama huoni, nunua miwani."

"Siku gani?"

"Mkesha wa mwaka mpya. Pagume sita. Imeandikwa hapo."

"Mzee Shibeshi, umesikia? Amesema Pagume sita."

"Nimesikia," mzee alisema. Kisha uso wake ukabadilika. Akaanza kuhesabu kwa vidole vile vya mchuzi, akasita, akahesabu tena.

"Mama," Wubit aliita, "Pagume iliyopita ilikuwa na siku ngapi?"

Mama Etagu anajua sikukuu za watakatifu wote kwa mwaka mzima, anajua lini kufunga na lini kufungua, anajua mwaka upi ni wa Mwinjilisti yupi na Pagume, mwezi wetu mfupi wa kumi na tatu, hupata siku ngapi, na humsahihisha hata padri. Hakuinua hata kichwa.

"Tano. Mwaka ulioisha ni wa Marko. Pagume hupata ya sita mwaka wa Luka, na Luka ndiye tumemwanza jana. Mwezi wake wa kumi na tatu bado uko mbali kweli kweli. Mtoto gani hajui hilo?"

"Inspekta hajui," Wubit alisema.

Basi, mmeona? Asubuhi ile Gizachew aliamka na tej, ile pombe ya asali, ya jana bado inamzunguka kichwani, akachukua fomu yenye mhuri aliyoiiba anakojua mwenyewe, akarudisha tarehe nyuma ya sikukuu ili ionekane jaji alikuwa kazini. Akakumbuka mkesha wa mwaka mpya. Akaandika sita. Miaka mitatu iliyopita angekuwa sahihi.

"Jaji wako ametia saini siku ambayo Mungu hakuiumba," Wubit alimwambia. Sauti yake ilikuwa imepata nguvu, na chuki yote aliyokuwa ameibana ilitoka nayo. "Pagume ilikuwa na siku tano. Siku iliyofuata ni jana, mwaka mpya, mahakama imefungwa, hata paka wa lango hakuwapo. Hii umeiandika mwenyewe, leo, mezani kwako. Unajua kughushi hati ya mahakama ni miaka mingapi? Mimi najua. Nimewaandikia wengi rufaa, na hakuna aliyeshinda."

"Makosa ya kalamu," Inspekta alisema. Lakini aliinuka haraka mno, mkono mbele. "Lete hapa."

Wubit alirudi nyuma hatua moja, akaipeleka karatasi mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Aliiweka mikononi mwa Mzee Shibeshi.

"Umeitwa uwe shahidi, mzee. Shuhudia."

Maskini mzee. Alitazama karatasi, akamtazama Inspekta. Miaka sita amekuwa mwenyekiti wa mtaa, na katika miaka hiyo amesaini kila alichowekewa mbele. Watu humwita kalamu ya kituo, na anajua wanavyomwita.

"Shibeshi," Inspekta alisema kwa upole, "nipe hiyo, uende ukamalize kuku wako."

"Tarehe ina shida, bwana," Mzee Shibeshi alisema.

"Nimesema nipe."

"Nasema tu ina shida." Aliikunja karatasi, mara moja, mara mbili, akaitia chini ya shali yake. "Acha nikae nayo kidogo."

Inspekta alipiga hatua ya kwanza kumwendea. Hakufika ya pili.

Juu ya jiko, bati lilipiga kelele. Lilifuatiwa na misumari kung'oka, kisha kishindo kizito nje, uchochoroni, na mtu akipiga yowe la maumivu.

Wubit alielewa yote kwa mara moja, na laiti asingeelewa. Sisay hakusikia habari ya tarehe. Alisikia "hati ninayo." Alisikia benchi likiburutwa, akaona kitambaa kikiinuliwa na kichwa cha konstebo. Wakati dada yake anasoma, yeye alikuwa anatambaa juu ya boriti kuelekea jikoni. Wakati dada yake anashinda, yeye alikuwa anasukuma bati kwa mgongo.

Inspekta na konstebo walitoka mbio. Wubit aliwafuata mpaka kwenye ngazi, akateleza kwenye nyasi, akaanguka, akainuka. Mama Etagu alikuja nyuma yake na kipepeo cha jiko bado mkononi.

Hawakungoja sana. Yule konstebo wa langoni ndiye aliyemleta, akimburuta kutoka uchochoroni. Sisay alikuwa anachechemea, masizi usoni, mkono mmoja umepindwa mgongoni. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, na kikohozi alichokibana tangu asubuhi sasa kilimtoka chote.

"Mwachieni," Wubit alisema. "Mmemtoa ndani ya nyumba bila hati."

"Nani kamtoa?" Inspekta alikuwa amesimama barabarani, nje ya lango, na alikuwa ametulia tena. "Muulize mwenyewe. Sisay, kuna mtu alikugusa huko ndani?"

Sisay alimtazama dada yake. "Alisema ana hati," alisema. "Nilimsikia anasema ana hati."

"Umeona? Katoka mwenyewe, kwa hiari, kupitia paa. Tumemkuta barabarani. Anatafutwa kwa wizi wa masufuria ya mahabusu, na mwizi nikimkuta barabarani sihitaji hati ya mtu. Au mwavuli unasemaje?"

Ndani ya zile kuta nne Sisay alikuwa salama kuliko mtu yeyote mjini, na hakuna aliyemwambia.

Mama Etagu alifika langoni. Alimtazama mwanawe kuanzia kichwani mpaka miguuni, akautazama ule mguu alioukunja.

"Sisay alikuwa humu?" aliuliza. "Alikuwa humu ndani, nami nikamfungulia huyu mlango?"

"Mama, hukujua," Wubit alisema.

"Nilimkaribisha mimi," bibi alisema. "Nilimmiminia mimi." Kipepeo kilimtoka mkononi.

Sisay aliinamishwa kichwa, akasukumwa ndani ya gari, kiti cha nyuma. Inspekta alifunga mlango mwenyewe. Kisha akarudi karibu na lango, akamwinamia Wubit, na sasa aliongea kwa sauti ya chini, ya watu wawili.

"Sikiliza vizuri, mwandishi. Ninyi mna karatasi yangu, mimi nina ndugu yako. Nipe karatasi, achechemee arudi ndani anywe kahawa na mama yake, mimi nitajifanya sikumwona. Usiponipa, basi hatafika kituoni. Barabara ya kituo ina daraja, na vijana wa siku hizi wana mazoea ya kuruka. Umeona mwenyewe wanavyoruka."

"Uongo. Nikikupa utamchukua na karatasi pia."

"Labda. Lakini usiponipa una hakika." Alimwashiria konstebo aliyekaa kwenye usukani ajiandae. "Gari likiwaka, nimeghairi."

Hakufikiri. Nani angefikiri? Ile karatasi ilikuwa kifungo cha Gizachew, ilikuwa haki ya yule fundi viatu na mjane wake, ilikuwa kazi ya miaka kumi na moja ya jua na vumbi. Na aliyekohoa ndani ya gari alikuwa Sisay.

"Ngoja," alimwambia Inspekta. "Nakuletea."

Alikimbia ndani. Jebena, lile birika la udongo la kahawa, lilikuwa limefurika, likizima makaa, na chumba kizima kilinuka kahawa iliyoungua. Kikombe cha Inspekta kilikuwa kwenye nyasi. Benchi lilikuwa katikati ya chumba.

"Mzee Shibeshi," aliita, "nipe hiyo karatasi. Haraka."

Kiti cha mzee kilikuwa kitupu. Kikombe chake kilikuwa bado kimejaa, hajakigusa. Mlango wa jikoni, ule wa nyuma, ulikuwa wazi, na kwenye ubao wake palikuwa na alama za vidole vitatu vya mchuzi mwekundu. Kutoka mlango ule njia zilikuwa mbili tu, moja ya kwenda kwa mwendesha mashtaka, na moja ya kwenda kituoni.

Barabarani, gari liliwaka.